Betri Imekufa, au Tumeisingizia?

Injini inapogoma kuwaka katika nchi yetu hii, mtuhumiwa hujulikana hata kabla boneti haijafunguliwa. Ni betri. Dereva anasema betri imekufa, utingo anasema betri imekufa, na abiria wa kiti cha nyuma, ambaye tangu azaliwe hajashika spana, naye anasema vivyo hivyo. Basi inatafutwa fedha, inanunuliwa betri mpya, chombo kinawaka, watu wanashangilia. Baada ya wiki tatu wanarudi pale pale, na wimbo ni ule ule.

Leo nataka tuitetee betri kidogo. Na nitaitetea nikiwa nimezitazama wilaya mbili za mkoa wa Kagera, yaani Biharamulo na Ngara, kwa sababu huko injini kugoma kuwaka si suala la kuchelewa kazini tu. Barabara kuu itokayo Isaka na Kahama inafika Nyakanazi, inapita Lusahunga na Nyakahura, inaingia Ngara hadi Benaco, kisha inateremka Rusumo kwenye daraja la mto Kagera na kuingia Rwanda. Tawi lake jingine linakwenda Ngara mjini na Kabanga, mpakani mwa Burundi. Kati ya kituo kimoja na kingine kuna pori. Wenye kumbukumbu watakwambia habari za mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya 2000, wakati majambazi wenye bunduki walipoyateka mapori ya huko, na mabasi na malori yakawa yanakusanywa na kusindikizwa na polisi wenye silaha. Gari ambalo halikuwaka wakati msafara unaondoka lilibaki. Dereva mwenye stata ya wasiwasi hakuthubutu kuzima injini hata akisimama kujisaidia.

Hali ya usalama siku hizi ni nyingine kabisa, lakini umbali ni ule ule. Mama mjamzito anayetolewa kijijini kupelekwa Murgwanza, au Rulenge, au hospitali ya Biharamulo, anategemea gari la wagonjwa, na mara nyingi zaidi anategemea pikipiki ya bodaboda. Saa nane za usiku kijana anabonyeza kitufe cha stata, na kinachosikika ni "ta-ta-ta-ta". Hapo ndipo elimu ya umeme wa injini inapokuwa kitu cha kufa na kupona.

Sasa tuseme umeme huo unakwendaje. Kila chombo kinachowashwa kwa stata, kiwe lori la magurudumu kumi na nane au pikipiki ya cc 125, kina njia mbili za moto. Njia ya kwanza ni nyembamba. Inatoka kwenye betri, inapita fyuzi, inapita swichi ya ufunguo, inapita kitufe, na inaishia kwenye kifaa ambacho mafundi wa malori hukiita solenoidi na mafundi wa pikipiki hukiita rilei. Njia hii hubeba moto kidogo tu. Kazi yake ni kama ya tarishi: kupeleka taarifa kwamba mwenye nyumba anataka kuwasha. Rilei ikipata taarifa hufunga mlango mkubwa, nao ule "tak!" unaousikia ndio mlio wa mlango huo. Hapo njia ya pili hufunguka, nayo ni nene: betri, waya mkubwa, rilei, stata. Kwenye pikipiki hupita ampea kadhaa za makumi. Kwenye gari dogo mia na zaidi. Kwenye lori mamia.

Nimesema njia inaishia kwenye stata. Hasha, haiishii pale. Moto ukitoka betri kwa upande wa chanya ni lazima urudi kwa upande wa hasi, na njia yake ya kurudi ni chuma cha injini chenyewe, kisha waya wa ethi. Naomba msikilizaji uushike sana huu waya wa ethi, kwa sababu ndio unaosahauliwa kuliko vyote, na nitaurudia.

Ukizijua njia hizo mbili, masikio yako yanakuwa nusu ya fundi. Ukibonyeza kitufe kukawa kimya, na taa zote za dashibodi nazo zimezimika, basi moto hautoki kabisa kwenye betri: tazama vichwa vya betri na fyuzi kubwa. Kukiwa kimya lakini taa zinawaka vizuri na honi inalia kwa nguvu, usiiguse betri, haina kosa. Tarishi ndiye aliyekwama njiani. Kwenye pikipiki huenda gia imeingia, au stendi ya pembeni haijakunjwa vizuri, au swichi ya klachi imejaa vumbi jekundu la kule Nyakahura, kwa maana viwanda vimeweka swichi hizo makusudi ili chombo kisiruke na mtu. Ule mlio wa "ta-ta-ta-ta" maana yake rilei inafunga na kufungua, inafunga na kufungua, kwa kuwa kila inapofunga nguvu ya umeme inaporomoka. Hapo betri inaweza kuwa tupu kweli, au kiungo cha njia nene ni kibovu. Na "tak!" moja nzito kisha kimya, taa zikififia, ni dalili kwamba stata imekwama, kama taa hazikufifia hata kidogo, moto haukufika kwenye stata, au kaboni zake zimekwisha. Stata ikizunguka kwa mlio wa upepo bila injini kuzunguka, meno au klachi yake ndiyo mbovu. Ikiwa injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida ila haishiki tu, achana na mambo ya stata kabisa, nenda ukatafute mafuta na plagi.

Yapo mambo ambayo sikio haliwezi kuyasema, na hapo ndipo pana haja ya mita. Nitawapa kisa nilichokishuhudia pale Lusahunga. Lori lilikuwa linakwenda Kigali. Dereva wake, mtu mzima aliyezoea barabara, alikuwa amenunua betri mbili mpya safarini, na hizo zilikuwa jozi ya pili katika miezi michache. Asubuhi ile stata ilizunguka kivivu kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Utingo alishatumwa kuuliza bei ya betri nyingine. Akaja kijana mmoja fundi, akamwamkia dereva, "Shikamoo mzee," akajibiwa marahaba ya mtu mwenye mawazo. Kijana akasema, "Mzee, kabla hujatoa hela, niruhusu nipime."

Aliweka mita kwenye betri, ikasoma volti 25 na kidogo, ambayo ndiyo hali ya betri mbili za volti 12 zilizounganishwa na kushiba. Akamwomba dereva azungushe ufunguo huku yeye anaitazama mita. Ikashuka hadi 23 na nusu, ikasimama hapo. Kijana akatabasamu. Dereva hakuelewa kwa nini anatabasamu, na mimi pia ilibidi nielezwe. Betri ikiwa dhaifu, wakati wa kuzungusha stata volti zake huanguka chini kabisa, hizi hazikuanguka. Kwa hiyo betri ilikuwa tayari kutoa, ila kuna mtu njiani anakataa kupokea.

Halafu akafanya jambo ambalo sijaona likifanywa mara nyingi. Alishika waya mmoja wa mita kwenye kichwa hasi cha betri, na wa pili akaubana kwenye chuma kitupu cha injini. Kwa mtu asiyejua, hicho ni kitu kimoja: hasi na ethi, mita inatakiwa isome sifuri. Na kweli ilisoma sifuri, injini ikiwa imetulia. Dereva alipozungusha ufunguo ikaruka hadi volti 7. Maana yake, kati ya zile 23 na nusu, volti saba zilikuwa zinapotelea kwenye njia ya kurudi, pale ambapo hata volti moja nzima haikupaswa kupotea. Stata ilikuwa inakula makombo.

Kulala chini ya lori kukafuata. Mkanda wa ethi uliounganisha injini na fremu ulikuwa umefungwa juu ya rangi. Fremu ilikuwa imepakwa rangi upya siku za nyuma, na aliyeufunga mkanda hakujali kukwangua. Kwa muda ule msuguano wa nati ulishika chuma kidogo, kisha vumbi na maji ya mvua vikamaliza kazi. Kijana akaufungua, akapiga msasa pande zote mbili hadi chuma kikang'aa, akakaza, akapaka grisi juu yake. Haikufika nusu saa. Lori liliwaka kwa mguso mmoja.

Lakini ngoja, liko swali ambalo dereva yule aliuliza, na ni swali zuri. Ikiwa kosa lilikuwa la ethi, mbona kila aliponunua betri mpya gari lilipona kwa muda, na mbona zile za zamani zilikufa kweli? Jibu ni kwamba alteneta, ambayo ndiyo mpishi wa betri, imefungwa kwenye injini, na moto wake nao hurudi kwa ethi ile ile. Njia mbovu inayoinyima stata chakula ndiyo hiyo hiyo inayoinyima betri chakula. Betri mpya hutoka dukani imeshiba, kwa hiyo inasukuma kwa siku kadhaa. Kisha inakonda, kwa sababu inatoa kila asubuhi na hairudishiwi kamili. Betri ya risasi na tindikali ikikaa na njaa muda mrefu, bamba zake huota ugumu mweupe, na baada ya hapo haipokei tena hata ukiichaji wiki nzima. Kwa hiyo betri zilikufa kweli. Ila ziliuawa, hazikufa kifo chao.

Ukitaka kulielewa jambo hili kwa hesabu, chukua kiungo kichafu chenye ukinzani mdogo sana, sehemu mbili za mia za omu moja. Taa ndogo ikipitishwa hapo huwaka bila tatizo, kwa sababu inavuta chini ya ampea moja na haipotezi chochote cha maana. Pitisha ampea 100 za stata: mia mara hizo sehemu mbili za mia, umepoteza volti 2. Ampea 200, volti 4. Ndiyo maana hoja ya "mbona taa zinawaka" haithibitishi kitu, na fundi anayepima waya kwa taa ya kupimia bila kuzungusha stata anajidanganya.

Tuje kwa bodaboda, ambao ndio wengi zaidi kule. Betri ya pikipiki ya kawaida huwa na ampea-saa 7 hivi. Vijana wetu hawaridhiki na taa iliyotoka nayo kiwandani. Wanafunga taa kali mbili, redio, honi ya lori, na kichajio cha simu ya abiria. Taa moja ya wati 55 huvuta ampea nne na nusu. Ikiachwa inawaka injini imezimwa, betri imekwisha kwa saa moja na nusu tu. Hata injini ikiwaka, mtambo wa kuchaji wa pikipiki ni mdogo, na kwa mwendo wa kupanda vilima vya Ngara kwa gia ya pili mtu huweza kutumia kuliko anavyoingiza. Asubuhi za baridi za huko juu zinaongeza tatizo, kwa kuwa betri huwa mvivu kwenye baridi na oili huwa nzito. Kijana analaumu betri za siku hizi. Si zote nzuri, nakubali, lakini hata nzuri haiwezi kulisha disko.

Namba za kukumbuka ni chache. Betri ya volti 12 iliyotulia usiku kucha inapaswa kusoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma chini ya 12 imekwisha. Ikisoma 10 na nusu hata baada ya kuchajiwa, chumba kimoja kati ya vile sita kimekufa, na hapo ndipo kauli ya "betri imekufa" inapokuwa ya haki. Stata inapozunguka isishuke chini ya 9 na nusu hivi. Injini ikiwaka kwa mwendo wa kati, isome kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo haichajiwi. Juu sana ya hapo inachemshwa.

Msikilizaji mmoja aliniuliza kama maneno haya yanahusu vyombo vya majini pia. Yanahusu sana. Biharamulo ilikuwa na ufuko wake wa Ziwa Victoria, pamoja na bandari ya Nyamirembe, hadi mwaka 2005 Chato ilipofanywa wilaya, na baadaye ikaingia mkoa wa Geita. Injini nyingi za mitumbwi ya kule huwashwa kwa kamba, na heri yao. Lakini zile kubwa zenye stata, na zile pikipiki za maji ambazo watalii huchezea Zanzibar na Mombasa, zina njia mbili za moto zile zile: betri ndogo chini ya kiti, fyuzi, kitufe, rilei, stata, ethi. Nyongeza yake ni kamba ya usalama inayofungwa mkononi mwa mwendeshaji, ili akianguka majini injini ijizime. Kibanio cha kamba hiyo kisipokaa mahali pake, ubonyeze kitufe mpaka Krismasi, haitawaka, na fundi mwenye haraka ataanza kufungua stata ambayo ni nzima. Maji nayo hula viungo vya shaba upesi, hasa ya chumvi. Kubwa zaidi ni hili: tumbo la chombo cha namna hiyo limefunikwa, na mvuke wa petroli hukaa ndani yake. Fungua kiti, acha upepo upite, ndipo uguse umeme.

Na hapa niseme juu ya mchezo wa bisibisi. Mafundi wengi, rilei ikigoma, huunganisha misumari yake miwili minene kwa bisibisi ili stata izunguke. Kama kipimo una maana, kwani stata ikizunguka umejua kwamba rilei au tarishi ndiye mbovu. Lakini cheche zake ni kubwa, betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka, na kama chombo kimo ndani ya gia kitaruka. Wako watu waliokanyagwa na magari yao wenyewe kwa njia hii. Gia iwe nyutro, breki ya mkono ivutwe, na mtu asilale mbele ya gurudumu.

Kadhalika kuazima moto. Kule kwenye barabara ya malori, mwenye gari dogo huliomba lori msaada, na lori lina volti 24. Ukiunganisha moja kwa moja unaunguza kompyuta ya gari dogo, na huenda ukaipasua betri yake. Chukua kwenye betri moja tu kati ya zile mbili za lori. Unganisha chanya kwa chanya kwanza, hasi ya betri nzima baadaye, na ncha ya mwisho uibane kwenye chuma cha injini mbali na betri iliyo tupu. Nako kusukuma gari hakusaidii siku hizi kama zamani: magari madogo ya abiria, haya yanayoitwa michomoko, mengi yana gia za kujiendesha zenyewe, hayawaki kwa kusukumwa hata kijiji kizima kikijitokeza.

Usafi wa vichwa vya betri hauhitaji dawa ya dukani. Ule unga mweupe na wa kijani hutolewa kwa maji ya moto yenye magadi ya kupikia maharage, mradi yasiingie ndani ya vyumba vya betri. Ndani, yanapopungua, ni maji safi ya betri peke yake. Si ya kisimani, si ya Ruvubu, na wala si tindikali nyingine juu ya ile iliyomo.

Kuna kitu kinachonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Pale Rusumo, mto Kagera unaendesha mtambo wa megawati 80 unaogawiwa sawasawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Nyaya za msongo mkubwa zinapita juu ya kichwa cha bodaboda anayesukuma pikipiki yake kupanda kilima, kwa sababu ya nati moja iliyolegea.

Nina ombi kwa wenye magari ya umma, na ni ombi la fedha. Halmashauri, zahanati, shule, vyama vya ushirika, hata makanisa, hununua betri kwa barua ya fundi isemayo "betri mbovu, inunuliwe mpya". Barua hiyo isikubaliwe. Fundi aandike namba nne: volti za betri ikiwa imetulia, volti stata inapozunguka, volti injini inapowaka, na volti zinazopotelea kwenye ethi. Mita ya kupimia mambo hayo ni rahisi mno ukilinganisha na betri moja ya gari la wagonjwa. Fundi asiyeweza kuziandika atajifunza, au kazi itakwenda kwa yule kijana wa Lusahunga. Tarehe ya kununua betri ichorwe kwa rangi juu yake, ili anayekuja baadaye ajue ana mzee au mtoto mbele yake.

Na ile iliyokufa kweli, baada ya kupimwa na kuthibitishwa, isipelekwe nyumbani kuvunjwa na kuyeyushwa jikoni kwa ajili ya risasi za nyavu. Moshi wake huingia kwenye damu za watoto. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanaijua thamani yake; wapewe wao, ikiwa nzima na mifuniko yake yote.